Barua ya wazi kuhusu samaki wasiohesabiwa wa Mto Wye

Kwa Waziri wa Serikali ya Wales mwenye dhamana ya mazingira na maendeleo ya vijijini. Kwa viongozi wa Natural Resources Wales, shirika la mazingira la Wales, na wa Environment Agency, shirika la mazingira la Uingereza. Na kwa waheshimiwa madiwani wa Powys, upande wa Wales, na wa Herefordshire, upande wa Uingereza.

YAH: KUPUNGUA KWA SAMAKI WA KAWAIDA NA WAVUVI WAO KATIKA MTO WYE

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Hereford, mzaliwa wa Mwanza, na mmoja wa watu wanaokata leseni ya uvuvi wa mshipi kila mwaka na kuitumia katika mto unaopita katikati ya mji wetu. Nakala ya Kiingereza imekwisha kutumwa katika ofisi zenu. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa ajili ya wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi katika visiwa hivi, ambao mara nyingi hudhani kwamba mambo ya mito ya huku ni ya wenyewe, ilhali maji ya kunywa tunayalipia na kodi tunaitoa kama wengine.

Mto Wye huanzia katika milima ya Pumlumon, katikati ya Wales, ukapita Rhayader, Builth Wells, Glasbury na Hay-on-Wye, ndipo unapoingia Herefordshire. Huko mbele hugeuka kuwa mpaka wenyewe kati ya Wales na Uingereza, hadi unapofika Chepstow na kumwaga maji yake katika lango la Mto Severn. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 250, na mto huo umewekwa chini ya hifadhi maalumu ya kisheria. Kwa muda mrefu sifa yake ilibebwa na salmoni. Mwaka 1923 Doreen Davey alimtoa humo kwa mshipi salmoni wa ratili 59 na nusu, yaani kilo 27 hivi, na hadithi hiyo husimuliwa mpaka leo katika kila baa iliyo karibu na ukingo.

Lakini mto huu haukuwa wa salmoni peke yake. Humo mlikuwa na chabu wenye midomo mipana, makundi ya deisi wadogo waliong'aa kama fedha, rochi, pechi wenye mistari, paiki wenye meno, greilingi wa maji ya juu yenye baridi, na baabeli, samaki mwenye sharubu nne anayejilaza sakafuni mwa mto penye mkondo mkali. Wenyeji huwaweka wote hao katika fungu moja, fungu la samaki wasio salmoni wala trauti, na ndio ninaowaita hapa samaki wa kawaida. Haki ya kuvua salmoni katika sehemu nzuri ilikuwa ya wenye ardhi na wenye fedha. Deisi na chabu walikuwa wa mafundi, wa wachimba makaa wa mabonde ya kusini mwa Wales, wa wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham waliokuja kwa mabasi ya kukodi siku za mashindano wakiwa na makopo ya funza na mkate wa chambo. Samaki hao hawaliwi. Hupimwa na kurudishwa majini wakiwa hai, desturi ambayo mimi niliyelelewa kwa fedha ya sangara nilichukua muda kuizoea, ila sasa naitetea.

Samaki hao wanapungua, wavuvi wao wanapungua pamoja nao, na wala hakuna daftari la serikali linalowajibika kuonyesha hali hiyo. Hilo ndilo jambo lililonifanya niandike, na ninaomba mlizingatie kabla ya yote mengine nitakayoyasema, kwa sababu mengine mengi mmekwisha kuyasikia.

Mwenye kuvua salmoni au trauti wa baharini analazimika kisheria kutoa taarifa ya alichokipata, na hata kama hakupata kitu hutakiwa kusema hivyo. Tangu Januari 2020 sheria ndogo za Wales zinamtaka amrudishe majini kila salmoni aliyemnasa. Mwenye kuvua chabu au baabeli haulizwi lolote. Analipa leseni, anaheshimu miezi ya kufungwa kwa uvuvi kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, na baada ya hapo akirudi nyumbani mikono mitupu mwaka baada ya mwaka, ukimya wake hauingii katika hesabu ya mtu yeyote. Uchunguzi wa samaki unaofanywa kwa umeme mdogo majini huelekezwa zaidi kwenye vijito, kuwatafuta watoto wa salmoni na trauti; sehemu pana na za kina, ambako samaki wa kawaida huishi, ni ngumu kupimika, na kwa ugumu huo zimeachwa nyuma. Hata orodha ya viumbe vilivyoupatia mto huu hadhi ya hifadhi inasema mengi. Wamo salmoni, wamo jamii mbili za shadi wanaopanda kutoka baharini, wamo aina tatu za lamprei, samaki wa umbo la mkunga, yumo fisi maji, yumo kamba wa maji baridi mwenye makucha meupe, na yumo samaki mdogo wa chini ya mawe asiyezidi urefu wa kidole kwa kiasi kikubwa. Chabu hayumo, wala deisi, wala rochi. Ni watoto wa kambo katika nyumba waliyozaliwa.

Sidai kwamba orodha ile ifumuliwe. Ninachosema ni kwamba kiumbe asiyehesabiwa anaweza kutoweka bila ya mtu kuitwa ofisini kujieleza, na kwamba samaki hawa wa kawaida, kwa kuwa wengi wao hawahami kwenda baharini na kurudi, ni mashahidi wazuri zaidi wa hali ya mto kuliko salmoni. Salmoni akipungua, kila mtu ana mahali pa kusukumia lawama: bahari imepata joto, meli za mbali zimevua, barafu imeyeyuka. Deisi aliyezaliwa chini ya Glasbury hana pengine alipokwenda. Akipungua, sababu iko hapa hapa.

Na tunajua mto umebadilika. Zamani, kuanzia mwishoni mwa majira ya kuchipua, sehemu kubwa ya sakafu ya Wye ilifunikwa na jani la majini liitwalo ranunkulusi, lenye nyuzi ndefu zinazocheza na mkondo na maua meupe yanayojitokeza juu ya maji. Humo wadudu walizaliana, humo watoto wa samaki walijificha wasisombwe wala wasiliwe, na kivuli chake kilipoza maji. Leo mvuvi anaweza kutembea sehemu ndefu ya ukingo bila ya kuona hata tita moja. Badala yake, siku za joto na maji machache, mto hubadilika rangi ukawa wa kijani au wa kahawia kama supu, na mawe ya chini hufunikwa na utelezi. Mwani huo huziba mwanga usilifikie jani. Mchana hutoa oksijeni kupita kiasi, usiku na unapokufa huila oksijeni ile ile. Changarawe ambamo baabeli na chabu hutaga mayai huzibwa na tope laini, na yai lililozikwa ndani ya tope halipumui. Mei 2023 Natural England, shirika la serikali la kuhifadhi viumbe vya Uingereza, iliishusha rasmi hadhi ya mto huu na kuandika kwamba hali yake ni mbaya na inazidi kudorora, ikitaja kupungua kwa salmoni, kwa kamba na kwa mimea ya majini. Miaka miwili na ushei kabla ya hapo, Januari 2021, Natural Resources Wales ilikuwa imeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya sehemu zilizopimwa katika mito ya Wales yenye hifadhi maalumu zilivuka kiwango kinachoruhusiwa cha fosforasi, kirutubisho cha mbolea na samadi kinachokuza mwani.

Waliokulia kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa fosforasi ikizidi hufanya nini. Waliona ghuba za Mwanza na Kisumu zikigeuka kijani, waliona magugu maji yakizifunga mitumbwi. Tofauti ni kwamba huku chanzo kikuu kinajulikana kwa anwani yake. Katika bonde la Wye inakadiriwa kuna kuku zaidi ya milioni 20 kwa wakati mmoja, katika mabanda marefu yaliyoongezeka kwa kasi Powys na Herefordshire. Chakula chao, ikiwa ni pamoja na soya inayovuka bahari kutoka Amerika Kusini, huingia bondeni na fosforasi yake. Nyama na mayai hutoka. Samadi hubaki na kutandazwa mashambani. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Lancaster walikadiria mwaka 2022 kwamba tani 3,000 hivi za fosforasi hubaki katika udongo wa bonde hili kila mwaka zaidi ya mahitaji ya mazao. Mvua ikinyesha, udongo hutiririka, na mzigo huo huingia mtoni. Maana yake ni kwamba hata samadi ikisimama kesho, udongo utaendelea kuudai mto deni lake kwa miaka mingi, na kila mwaka mnaochelewa deni linaongezwa juu ya deni.

Simlaumu mfugaji mmoja mmoja. Bei ya ng'ombe na kondoo iliposhindwa kumtunza, alishauriwa ajenge banda la kuku, benki ikamkopesha, kampuni ikamletea vifaranga na kumpangia siku ya kuwachukua, na halmashauri ikampa kibali. Kila kibali kilipimwa peke yake, kana kwamba banda lile ndilo la kwanza na la mwisho bondeni. Sheria ya vibali vya mazingira humhusu mwenye nafasi za kuku zaidi ya 40,000. Aliye chini ya hapo hupita kwa mlango mwepesi zaidi, na mabanda mawili madogo ya majirani wawili humwaga sawa na banda moja kubwa. Waheshimiwa madiwani, mto haujui mstari wa 40,000 umepita wapi.

Kanuni za Wales za mwaka 2021 za kuzuia uchafuzi wa kilimo zilikuwa hatua ya kweli, na nawapongeza mliozisimamia mbele ya kelele nyingi. Hata hivyo kikomo chake kinachojulikana zaidi ni cha naitrojeni, kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi ikilinganishwa na naitrojeni yake. Kwa hiyo mkulima anaweza kuwa ndani ya sheria kwa hesabu ya naitrojeni na bado akaupa udongo fosforasi usioihitaji. Upande wa Uingereza kuna kanuni za mwaka 2018 zinazokataza kuweka mbolea kupita mahitaji ya udongo na mazao. Kwa maandishi ni nzuri kuliko zenu za Wales katika jambo hili. Kwa utekelezaji, zimewahi kupelekwa hadi Mahakama Kuu na wanaharakati waliodai kwamba Environment Agency haikuzisimamia ipasavyo. Walishindwa mwaka 2024, lakini mvuvi aliye ukingoni hapimi kanuni kwa hukumu ya mahakama, huzipima kwa rangi ya maji.

Majitaka nayo yamo. Mitambo ya kusafisha maji ya vyooni, na mifereji inayofunguliwa mvua ikizidi, huongeza sehemu yake ya fosforasi, na katika vijito vidogo wakati wa ukame sehemu hiyo huwa kubwa. Kampuni ya maji inayohudumia eneo hili haina wanahisa wa kugawana faida, kwa hiyo kisingizio cha gawio hakipo, na kazi ya kuondoa fosforasi katika mitambo yake iliyoanza inapaswa kumalizika. Lakini tangu mwaka 2019 ujenzi wa nyumba mpya katika bonde la Mto Lugg, unaoingia Wye chini ya Hereford, ulizuiwa kwa sababu ya fosforasi ya vyoo vya watu, na vijana wa hapa wakakosa pa kuishi. Ni haki waulize kwa nini choo cha familia kilisimamisha ujenzi ilhali samadi ya mamilioni ya kuku iliendelea kutandazwa katika bonde lile lile.

Kuna wanaonijibu kwamba viumbe wanaokula samaki ndio wenye kosa: mnandi wanaopanda kutoka pwani, bata wala samaki waitwao gusanda, na fisi maji waliorudi baada ya kukaribia kutoweka katika sehemu nyingi za nchi. Nimewasikiliza, na wengi wao ni wavuvi wenye macho kuliko mimi. Ni kweli mnandi hula, na kundi lao likitua juu ya deisi waliojikusanya majira ya baridi hufanya hasara. Ila nawauliza: deisi huyo angejificha wapi? Mla samaki na samaki waliishi pamoja katika mto huu kwa maelfu ya miaka wakati majani yalipokuwepo. Kuwapiga risasi ndege bila ya kuirudisha ranunkulusi ni kuwalinda samaki wakubwa wachache wazeeke bila ya watoto nyuma yao.

Wengine husema baabeli si mwenyeji wa Wye, aliletwa na watu katika karne ya 20, basi asililiwe. Kuletwa ni kweli. Mimi pia nililetwa, na sijaona kwamba hilo linanipunguzia haki ya maji safi. Zaidi ya hapo, chabu na deisi hawakuletwa na mtu, na hali yao ni hiyo hiyo.

Halafu kuna maji yenyewe. Mabwawa ya bonde la Elan, mto unaoingia Wye, yaliyofunguliwa mwaka 1904, hupeleka maji Birmingham kwa bomba na mfereji wa zaidi ya kilomita 110, na kiasi kinachoachiwa kishuke mtoni huamuliwa kwa makubaliano. Katika ukame kama wa kiangazi cha 2022, mto ukiwa mwembamba na wenye joto, kila gramu ya uchafu huwa nzito zaidi. Sipendekezi Birmingham ikae na kiu. Napendekeza kwamba ratiba ya kuachia maji iandaliwe pia kwa kufikiria wiki za Mei na Juni ambapo samaki wa kawaida hutaga, si salmoni peke yake anapopanda.

Kuhusu mpaka, nitasema kwa ufupi kwa sababu inachosha. Aprili 2024 serikali ya London ilitangaza mpango wa Wye wenye hadi pauni milioni 35 za kusaidia mitambo ya kuchoma samadi ya kuku, na Cardiff, yaani serikali ya Wales, ikalalamika kwamba haikushirikishwa. Serikali ikabadilika, na fedha zile hazikuufikia mto. Julai 2025 serikali zote mbili zilitangaza pauni milioni 1 kwa utafiti wa pamoja. Ushirikiano ni jambo jema, na utafiti ni jambo jema, lakini kutoka milioni 35 za vitendo hadi milioni 1 ya maswali ni safari ya kurudi nyuma. Kampuni kubwa ya kuku ya eneo hili nayo imesema samadi ya wafugaji wake inapelekwa nje ya bonde. Tungependa kujua inapelekwa wapi na nani anaikagua, maana ikishuka katika bonde la Mto Severn au la Mto Usk, mtakuja kupokea barua nyingine kutoka kwa wavuvi wa huko.

Tunachoomba kinaweza kutekelezwa. Chagueni sehemu za kudumu kuanzia Builth Wells hadi Monmouth, pande zote za mpaka, ambako watoto wa chabu, deisi, rochi na baabeli watahesabiwa kila mwisho wa kiangazi kwa njia ile ile na matokeo yatangazwe mwaka huo huo. Kazi hiyo vyama vya wavuvi viko tayari kuisaidia bure, kama wanavyofanya leo wanaojitolea kupima fosforasi kwa vifaa vyao vya mkononi. Tengenezeni fomu ya hiari ya kutoa taarifa za samaki wa kawaida iambatane na leseni ya mtandaoni, kwa kuwa mtu anayeweza kulipa kwa simu anaweza pia kuandika alichokamata. Katika kanuni za Wales wekeni kikomo cha fosforasi kinachofuata kipimo cha udongo wa kila shamba, na mpeni mkulima muda na fedha za kukifikia. Na hadi kikomo hicho kitakapoanza kufanya kazi, madiwani wa Powys na Herefordshire wasitoe kibali cha banda jipya wala cha kupanua la zamani pasipo hesabu ya mabanda yote yaliyokwisha kuwapo katika kijito husika.

Msimu wa uvuvi wa samaki wa kawaida hufunguliwa Juni 16. Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya siku hiyo, yakitaja ofisi gani itabeba kazi ya kuwahesabu samaki hawa na bajeti yake inatoka wapi. Ikiwa jibu ni kwamba hakuna ofisi inayoibeba, tunaomba hilo pia liandikwe na litiwe sahihi.

Ndimi,
Mvuvi wa mshipi, Hereford